Bi Mkubwa, Jahazi na Barabara ya Baja

Kama nawe umeoa katika ukoo ambao kila mtu ana lake la kusema, na wote wanalisema kwa wakati mmoja, basi sogea hapa tuzungumze, maana wewe ndiye utakayenielewa. Mimi nimefungiwa na ukoo huo ndani ya chumba kimoja chenye magurudumu sita, kutoka San Diego tunakoishi hadi katikati ya rasi ya Baja California, huko Mexico. Nawapenda wote. Mgongo wangu nao unajua nilivyowapenda.

Chumba chenyewe ni gari la nyumba la mwaka 1986. Lina kitanda juu ya kichwa cha dereva, jiko la gesi la mafiga matatu, choo ambacho ukikaa magoti yanagusa mlango, na makabati yasiyokubali kufungwa. Watoto waliliita Jahazi, jina likashika, na vyeo vikafuata. Mke wangu akawa Nahodha, kazi aliyoifanya tangu siku ya harusi bila kupewa jina lake. Mdogo wake, shemeji yangu, ni Fundi Kesho: hakuna kilichoharibika asichoweza kukitengeneza, ila hana siku nyingine ya kukitengenezea. Binti yetu ni Kwa-Nini. Mdogo wake ni Bwana Njaa. Na kwenye kiti cha mbele, kilichokuwa cha Nahodha hadi wiki ya safari, akakaa mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Unguja na masanduku mawili, moja la nguo, moja la viungo. Mimi namwita Mama, kama inavyopasa. Wajukuu, ambao utani ni haki yao, wanamwita Bi Mkubwa.

Mpango ulikuwa kuishuka Barabara Kuu Namba 1, iliyokamilishwa mwaka 1973, inayotoka Tijuana hadi Cabo San Lucas kwenye ncha ya rasi, kilomita kama 1,700. Nahodha alishughulikia karatasi zote: bima ya Mexico, kwa sababu ile ya Marekani haikusaidii ukigonga mtu upande wa pili, vibali vya wageni, na pasi ya mama yake, ambaye kwa kuwa ana viza halali ya Marekani hakudaiwa viza nyingine. Mimi nilikabidhiwa usukani tu.

Kitu cha kwanza ambacho Mexico inamfundisha mwenye gari bovu ni matuta. Kila mji una yake, mengine yana kibao na rangi, mengine yanakusubiri kimya chini ya kivuli cha mti. Jahazi likipanda tuta, makabati yote hufunguka. Likishuka, sufuria huja mbele kutusalimia. Bi Mkubwa alikuwa akisema "Bismillahi" kabla ya tuta ambalo mimi bado sijaliona, na hapo ndipo nilipotambua kwamba mama huyu anaisoma barabara kuliko dereva.

Nitoe mfano mmoja, ingawa si huo niliotaka kuusimulia. Barabara ile ni nyembamba na sehemu nyingi haina bega. Ukitoka kwenye lami umeingia mchangani. Ukiwa nyuma ya lori, dereva wake akiona mbele ni kweupe hukuwashia taa ya kushoto kukuambia upite. Tatizo ni kwamba taa hiyohiyo huwashwa na anayetaka kukata kona kushoto. Mimi nikawa nasita, Nahodha kutoka nyuma anasema ngoja, Fundi Kesho anasema pita. Bi Mkubwa akaketi wima. Amepanda mabasi ya Dar es Salaam hadi Arusha maisha yake yote, na huko pia lori likikuruhusu huwasha kushoto. "Mtazame magurudumu," akasema. "Akipunguza mwendo anakata. Asipopunguza anakupa njia." Tangu siku hiyo sikulipita lori hata moja bila idhini ya kiti cha mbele, na nyumba nzima ikaacha kupiga kelele. Kwa suala hilo tu.

Maana suala kubwa lilikuwa maji. Jahazi lina tangi la maji safi, tangi la maji yaliyooshea vyombo na watu, na tangi la choo. Haya mawili ya mwisho hayamwagwi ovyo. Unatafuta kambi yenye shimo lake. Sisi ni watu wa pwani, tunaoga asubuhi na jioni, na nje ya dirisha ni jangwa. Mimi, kwa woga, nilidhani udhu mara tano kwa siku ndio utakaolimaliza tangi, na nikamwomba Nahodha apeleke maneno kwa mama yake kwa adabu. Hakuhitaji. Bi Mkubwa alikulia akichota kisimani kwa ndoo. Alitawadha kwa kikombe kimoja cha chai, akakirudisha kina tone chini, akauliza ni nani aliyekuwa bafuni muda wote ule akiimba. Alikuwa Fundi Kesho. Akachukua uwaziri wa maji siku hiyohiyo, na kila mji tulioingia akatuma watu na dumu la lita 20 kwenye duka la maji yaliyosafishwa. Maduka hayo yapo kila kona, na wenye maduka humjazia mteja dumu lake mwenyewe. Nahodha alipewa bakuli moja la kuoshea vyombo. Alinuna hadi jioni. Mimi nilikuwa nje nikikagua matairi, kwa muda mrefu kidogo.

Kwenye vizuizi vya jeshi, wanajeshi vijana huingia ndani kutazama makabati. Yetu hayakuwapa shida, yalikuwa wazi. Mmoja akafungua sanduku la viungo, harufu ya karafuu na iliki ikajaa gari zima, akasimama hapo akivuta pumzi. Karafuu anaijua, Wamexico nao huipikia. Bi Mkubwa akamfungia kidogo kwenye karatasi akampelekee mama yake.

Sasa nikupeleke Cataviña. Ukishaiacha El Rosario, barabara inaiacha bahari na kuingia jangwani, na kwa zaidi ya kilomita 300 usitegemee kituo cha mafuta. Njiani wapo watu wanaouza petroli kutoka kwenye mapipa. Kuna mawe makubwa kuliko nyumba, kuna mikaktasi ya cardón mirefu kama minazi, na kuna mti unaoitwa cirio, mwembamba, unapanda juu, halafu wakati mwingine unainama hadi ncha inarudi chini. Kwa-Nini aliuliza kwa nini. Kabla hajajibiwa, mpira wa rejeta ukapasuka, mvuke ukafunika kioo, na Jahazi likatia nanga lenyewe.

Simu haikushika mtandao. Nahodha akamwambia mdogo wake kwamba alimwambia tangu San Diego. Fundi Kesho akasema mpira ule alipanga kuubadilisha. Hakusema lini, wala hakukuwa na haja. Bwana Njaa akasema ana njaa. Mimi nikatandika mkeka kivulini, kwa sababu kwenye ugomvi wa ndugu wawili wa tumbo moja mkwe hana kiti, na Bi Mkubwa akawasha jiko akakaanga maandazi.

Tulikuwa tukila yaliposikika magurudumu. Mexico ina kikosi kiitwacho Ángeles Verdes, Malaika wa Kijani, cha wizara ya utalii, kinachozunguka barabara kuu kwa magari ya kijani kuwasaidia waliokwama. Kazi yao ni bure. Unalipia vipuri na mafuta basi. Walishuka wawili, wakatusalimia mmoja mmoja hadi watoto, wakainama chini ya boneti. Na hapo nikamwona shemeji yangu ambaye sikuwahi kumwona. Alilala chini pamoja nao, lugha hawana, wanaonyeshana kwa vidole, wanapeana spana, wakakata sehemu iliyochakaa wakaufunga upya mpira kwa kibano. Alipoinuka uso wote ni grisi na tabasamu. Dada yake alimfutia uso kwa upande wa kanga yake bila kusema neno. Malaika waliondoka na mfuko wa maandazi ya iliki, na kusema kweli nilitaka kuwakumbatia.

Mbele ya hapo, kwenye latitudo ya 28, ndipo inapoanza Baja California Sur, na wakati wa kipupwe saa zinasogezwa mbele kwa saa moja. Bwana Njaa alidai chakula cha mchana kwa saa mpya, kisha akakidai tena kwa saa ya zamani. Bi Mkubwa alitazama juu, akasema jua halijasogea, akaswali kwa wakati wake.

Guerrero Negro ni mji wa chumvi, na kando yake ni wangwa wa Ojo de Liebre, ambako nyangumi wa kijivu huja kila kipupwe kutoka bahari baridi za kaskazini, karibu na Aktiki, kujifungua kwenye maji ya uvuguvugu. Tulipanda mashua ya nahodha mwenye leseni. Bi Mkubwa alikuwa ameshika tasbihi kwa mikono miwili. Mama nyangumi akaibuka karibu kabisa, na mtoto ubavuni. Kila mtu akapiga kelele ila yeye. Aliinama, akasema taratibu, kama anavyosema akiingia chumba cha mzazi: "Hongera, mwanangu. Umejifungua salama?" Kwa-Nini akauliza kama nyangumi naye husafiri na bibi yake. Nahodha alikuwa akilia, kwa hiyo nilijibu mimi kwamba sijui.

San Ignacio tulinunua tende. Mitende ile ililetwa na mapadri Wajesuiti katika karne ya 18, na Bi Mkubwa, ambaye nduguze wako Maskati, alizionja tende hizo kwa muda mrefu akazipitisha. Kisha tukateremka mteremko unaoitwa Cuesta del Infierno, na jina lake ni la haki, breki zikinuka njia nzima, hadi Santa Rosalía, mji wa shaba uliojengwa na Wafaransa, wenye kanisa la chuma linalohusishwa na Gustave Eiffel. Watoto wanakumbuka mkate tu.

Halafu tukafika Bahía Concepción, kusini mwa Mulegé. Ufukweni pana vibanda vya makuti. Ukimwonyesha mtu wa Unguja bahari tulivu, makuti, na mvuvi anayepita na samaki wake, usitegemee tena kumwambia habari za Cabo San Lucas. Asubuhi nilikunjua ramani. Bi Mkubwa alikuwa amekwisha funga kamba ya nguo. Nahodha alikuwa amemlipa mwenye ufukwe. Jirani zetu, wazee wa Kanada wanaokimbia baridi, walikuwa wameahidiwa samaki wa kupaka, na tui la kopo lilikuwa motoni. Fundi Kesho alikuwa juu ya paa la Jahazi akiziba panapovuja, leo, bila kuambiwa na mtu.

Nikaikunja ramani nikaenda kupara samaki. Cabo tutaiona mwakani, Inshallah, Bi Mkubwa akiridhia. Ameshaniambia nianze kutafuta tangi kubwa zaidi la maji.