Kalamu za Mjomba

Ukitaka kumuudhi mjomba wangu wa Busia, mwazime biki. Mzee huyu, mwalimu mstaafu na katibu wa chama chetu cha kusaidiana kwenye mazishi, haandiki kumbukumbu za mkutano ila kwa kalamu ya wino, na anaamini kalamu zote ni ndugu. Cha hii kitaingia kwenye ile. Kikigoma, hujakisukuma vya kutosha.

Anazo mbili zilizo hai: Parker aliyozawadiwa alipostaafu, na Jinhao ya Kichina, nzito kama spana. Parker ilipoishiwa katriji, akachomoa kipampu cha wino cha Jinhao akakichomeka humo. Kwa macho vinafanana. Lakini Parker ina katriji za umbo lake, haikai na za wengine, na kalamu za Kichina zenyewe zina vipimo viwili vya mdomo: milimita 2.6 na milimita 3.4. Tofauti haifiki hata milimita moja. Nani ataiona bila miwani?

Wino uliiona. Kalamu hizi hushika wino kwa sababu hewa huingia kidogo kidogo, kupitia kile kiplastiki chenye mifereji chini ya nibu. Penye mwanya hewa huingia kwa fujo, na wino hutoka vivyo hivyo. Joto la mfuko wa shati nalo hutanua hewa iliyomo ndani, ikausukuma wino nje. Tulipofika ajenda ya madeni, mjomba alikuwa na doa la bluu kifuani saizi ya chapati, na ukurasa wenye majina ya wadaiwa umezama wote. Sijawahi kuona wanachama wakimpa katibu pole kwa furaha kiasi kile.

Na haya yanatokea Busia! Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe Februari 2018, Kenyatta na Museveni wakiwepo, anayekwenda Uganda hasimami mara mbili. Maafisa wa nchi zote mbili wanamngoja upande wa pili. Malaba ni hivyo hivyo. Serikali mbili zimekubaliana kukaa chumba kimoja na mihuri yao, watengeneza kalamu wameshindwa kukubaliana tundu la wino.

Aliyetuokoa ni fundi wa baiskeli. Alikata kipande cha kipira cha valvu, kile chembamba cha baiskeli za zamani, akakilowesha mate, akakivisha mdomo wa kipampu, akakisokota hadi kikakaza. Kisha akaitikisa kalamu juu ya gazeti. Hata tone. Akadai shilingi ishirini, mjomba akamlipa hamsini na kumwita injinia.

Jumamosi iliyofuata mzee akavuka kwenda kutafuta wino. Alirudi bila wino, ila na kalamu nyingine, ya aina ambayo sijawahi kuiona.

“Hii si ya kuandikia, kijana,” akaniambia huku akiifungua. “Ni ya spea.”