Bundi na Jalada la Pembe

Bundi alikuwa mlinzi wa anga katika nchi ya ndege iliyopakana na bahari na jangwa. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya mti mrefu na kupiga pembe ili kila kundi lijue njia yake. Waendao kusini hupita juu ya mawingu, waendao kaskazini hupita chini yake. Zamani walinzi walikuwa watatu, wakipokezana zamu. Wawili walipoona ujira haununui hata panya wa wiki, walihamia ng'ambo kulikolipa vizuri, na nafasi zao hazikujazwa. Bundi akabaki peke yake usiku na mchana, macho yamemvimba.

Kisha pembe ikapata ufa. Akiipuliza, sauti inaishia kichuguu cha tatu. Akaandika barua kwa Mzee Mbuni, Mwenyekiti wa Baraza la Anga, kupitia kwa Kanga wa masijala. Mbuni hajaruka maishani mwake. Kiti alipewa kwa ukubwa wa umbo.

"Barua haina kumbukumbu namba," Kanga akasema. "Njoo kesho."

Kesho yake ikapata namba, ikakosa muhuri. Muhuri umo kabatini, ufunguo anao Kasuku, na Kasuku yuko semina. Aliporudi, jalada likapanda kwa Kunguru mhazini, naye akaandika pembeni: "Fungu halijaingia." Likashuka. Mwaka huohuo Baraza lilikaa vikao vingi kujadili usalama wa anga, na kila mjumbe akaondoka na posho yake. Hapa ndipo hekaya hii inaponiuma: fedha za kuijadili pembe zilipatikana, za kuinunua zikakosekana.

Bundi akaenda mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, upande wa baharini sauti yangu haifiki. Iko siku makundi mawili yatakutana huko."

"Jalada lako linashughulikiwa. Wewe jitolee tu. Na mambo ya ofisi usiyatoe nje."

Alasiri moja Korongo walikuwa wakienda kusini, lakini chini ya mawingu, tabaka lisilo lao. Mlinzi wa nchi jirani walikopita alipaswa kumtuma Njiwa alete habari. Habari haikufika. Bundi hakujua kabisa kama Korongo wako angani. Bata Bukini nao wakaondoka kwake kuelekea kaskazini, wakishika njia yao halali. Wakagongana juu ya maji, asinusurike hata mmoja. Baraza, ambalo kwa barua ya pembe lilihitaji misimu kadhaa, siku hiyo lilikutana kabla jua halijazama. Kanga akasoma uamuzi: Korongo walikosea tabaka, Bundi alizembea. Jalada la pembe halikuletwa mezani.

Korongo na Bukini hao walikuwa watu. Tarehe 13 Septemba 1997, Tupolev Tu-154 ya jeshi la anga la Ujerumani na C-141 ya jeshi la anga la Marekani ziligongana juu ya Atlantiki, nje ya pwani ya Namibia. Watu wote 33 waliokuwamo walikufa. Ndege ya Wajerumani ilikuwa kwenye kimo kisichoruhusiwa kwa uelekeo wake, na kosa hilo lisifichwe. Lakini ilikuwa imepita anga ya Angola, na taarifa kwamba iko angani haikuwafikia waongozaji wa ndege wa Windhoek, Namibia. Aliyekaa mbele ya redio hawezi kuitenganisha na nyingine ndege ambayo hajaambiwa kuwa ipo.

Barani Afrika kuna anga pana ambamo marubani hutangaziana wenyewe kimo na mahali walipo, kwenye masafa ya 126.9 MHz, kwa kuwa mawasiliano na waongozaji walio chini hayategemeki. Septemba 2022 waongozaji wa Afrika Magharibi na ya Kati waligoma wakidai mazingira bora ya kazi, na safari nyingi zikafutwa. Abiria waliokwama walikasirika, na walikuwa na haki. Ila waulizeni pia wenye ofisi: madai hayo yalilala mezani kwa nani kabla ya mgomo?

Nanyi mnaoshika muhuri, lifungueni jalada hilo leo. Mwongozaji aliye zamu usiku huu apewe redio inayosikika, simu inayofika nchi jirani, na mwenzake wa kumpokea akichoka.