Giza la Kubeba Begani
Mwongozo kwa anayetaka kupanda mlima bila kuubeba

Tarehe 10 Aprili 1927, mpiga picha Ansel Adams alipanda hadi Diving Board, kule Yosemite, California, akiwa na kamera ya mbao, stendi nzito na vioo 12 vya kupigia picha. Alipoukabili mwamba wa Half Dome alikuwa amebakiwa na vioo viwili. Kimoja alikipiga kwa filta ya njano. Cha mwisho alikipiga kwa filta nyekundu iliyokoza, kikawa “Monolith, the Face of Half Dome”, mojawapo ya picha zake zinazojulikana kuliko zote. Tangu enzi hizo, kila mwenye kamera kubwa huomba ruhusa kwa mgongo kabla ya kuuliza jicho. Mwongozo huu ni wa kuupunguzia mgongo mamlaka, kwa kutengeneza bahasha za karatasi za kubebea filamu.

Hatua ya 1: Pima mzigo wako. Fremu ya plastiki ya inchi 4 kwa 5 hubeba vipande viwili vya filamu na huwa na takriban gramu 150 hadi 200. Ukitaka picha 24 unabeba fremu 12, yaani kilo mbili hivi. Sasa pima filamu yenyewe: kipande hakifiki gramu 5. Kumbe umebeba nyumba 12 kwa ajili ya wapangaji 24 ambao wote kwa pamoja ni wepesi kuliko kikombe cha chai! Lengo lako liwe gramu 20 kwa bahasha pamoja na mpangaji wake.

Hatua ya 2: Salimia waliotangulia. Kwa bahasha za filamu kama hizi, Kodak walikuwa na Readyload na Fujifilm wakawa na Quickload. Zote zimeshaacha kutengenezwa. Quickload ilikuwa na ala ya karatasi, na filamu ilishikwa mwishoni na kibanio cha chuma. Unaichomeka kwenye kishikizo nyuma ya kamera, unavuta ala, kibanio kinabaki na filamu yake. Ukishapiga, unarudisha ala na kutoa vyote pamoja. Iga wazo hilo bila haya, maana ni zuri.

Hatua ya 3: Chagua karatasi kama unavyochagua mkwe. Weusi wa sura haukutoshi. Iweke mbele ya tochi kali. Ikipitisha hata nukta ya mwanga, iache. Kisha chunguza tabia: baadhi ya karatasi na gundi hutoa kemikali zinazotia filamu ukungu polepole. Funga kipande cha filamu ndani ya karatasi hiyo kwa wiki kadhaa, kingine kibaki kwenye boksi lake, halafu visafishe pamoja. Vikilingana, toa posa.

Hatua ya 4: Kunja. Mwanga ni mgeni asiyepiga hodi, naye hupenda kuingilia kwenye maungio. Kila ungio lipande juu ya jingine kwa sentimita moja, na mdomo wa ala uingie ndani kabisa ya kibanio. Ukipakia gizani, tafuta kwa kidole vikato vya ukingoni: filamu ikiwa imesimama wima na vikato viko juu kulia, upande wenye dawa unakutazama.

Hatua ya 5: Heshimu milimita. Kwenye fremu za kawaida za ukubwa huu, filamu hukaa takriban milimita 5 ndani. Kishikizo chako kiiweke hapo hapo, ikiwa imenyooka, la sivyo utalenga jiwe na kupata ukali kwenye kichaka.

Hatua ya 6: Fanya mazoezi na filamu iliyoharibika. Kwanza mchana macho wazi, kisha macho yamefumbwa, mwisho gizani. Vuta ala taratibu. Penye hewa kavu, msuguano huzaa cheche, na cheche hujichora kwenye filamu kama matawi ya radi. Futa vumbi pia. Kila chembe huacha doa jeusi kwenye picha iliyochapwa.

Hatua ya 7: Ipeleke juani. Bahasha iliyopakiwa ikae kwenye jua la adhuhuri, igeuze pande zote, kisha safisha filamu. Ukungu ukianzia upande wa kibanio, tatizo ni mdomo wa ala. Ukifuata mstari, ni ungio. Rekebisha, pakia tena, rudi juani. Mvumilivu hula mbivu, na hapa mbivu ni filamu iliyotoka safi bila alama.

Hatua ya 8: Andika. Hapa karatasi inaishinda plastiki waziwazi. Juu ya kila bahasha andika kwa penseli muda, filta, na namna ya kuisafisha. Kila kipande kina nyumba yake, kwa hiyo kila kimoja kinaweza kusafishwa kwa muda kinaohitaji: cha ukungu wa asubuhi muda mrefu zaidi, cha jua kali muda mfupi.

Kabla ya kutoka nyumbani, chukua bahasha moja kati ya zile 24 uiandike “ya mwisho”. Usiifungue mpaka uwe umeiona picha nzima kichwani, na anga lake, na weusi wake. Adams alikipiga kioo chake cha mwisho akijua weusi wa anga anaoutaka. Wewe utafika pale ukiwa na mgongo uliopumzika, na mgongo ukinyamaza, jicho husikika.