Barua ya Wazi kwa Shirika la Anga za Juu: Tupeni Mwongozo wa Kupiga Makofi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Anga za Juu la Kenya,
Nairobi.

MINTARAFU: OMBI LA MWONGOZO WA KUSHANGILIA ROKETI

Tunaandika kutoka Sosiot, kaunti ya Kericho. Tumeishi chini ya anga lenu miaka yote hii bila kumsumbua mtu, lakini sasa limetufika jambo la itifaki ambalo chifu ameshindwa kulitatua. Julai 2021, Richard Branson aliporuka tarehe 11 na Jeff Bezos tarehe 20, tuliambiwa kwamba binadamu wote wamepiga hatua, kwa hiyo tushangilie. Badala yake, maelfu ya watu walitia sahihi ombi la kumtaka Bezos asirudi duniani. Aprili 2025, wanawake sita, akiwemo mwimbaji Katy Perry, walipopaa kwa dakika kumi na moja hivi, kejeli zilizidi pongezi. Maelezo tunayopewa ni kwamba kizazi hiki kimejaa husuda, na kwamba wazee waliishangilia Apollo kwa moyo mweupe. Kwa kuwa anga ni dhamana yenu, tunaomba mtuandikie rasmi ni roketi ipi ya kupigiwa makofi na ipi ya kugunwa.

Kabla hamjaandika, tafadhali msiwategemee wanaosimulia enzi za Apollo kama harusi. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1960, Wamarekani wengi waliohojiwa walisema safari ya mwezini haistahili gharama yake, na katikati ya muongo huo NASA ilikuwa ikila zaidi ya asilimia 4 ya bajeti ya serikali yao. Siku moja kabla ya Apollo 11 kuruka, mchungaji Ralph Abernathy aliwapeleka maskini na mikokoteni ya nyumbu hadi lango la kituo cha kurushia roketi kule Florida. Mkuu wa NASA, Thomas Paine, alitoka akasimama mbele yao. Aliwaambia kwamba kama kuacha kubonyeza kitufe cha roketi kungemaliza umaskini, asingekibonyeza. Jibu hilo halikumshibisha mtu, lakini lilikuwa jibu, na alilitoa kwa sababu fedha zilikuwa za umma naye alikuwa mtumishi wao. Bezos alipotua, aliwashukuru wafanyakazi na wateja wa Amazon, akisema ndio waliolipia safari hiyo. Hakuna aliyekuwa amewauliza kama wanataka kulipia. Kuna tofauti kati ya kushukuriwa na kuulizwa, na tungependa mwongozo wenu uieleze vizuri kuliko sisi.

Historia yetu wenyewe nayo haina usafi wa kujivunia kupita kiasi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Roketi ilikuwa ya Wamarekani, jukwaa la Waitaliano. Sisi tulichangia bahari, ikweta na sikukuu. Hata hivyo, Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kabisa kuundwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Iliorodhesha vyanzo 339, ikasaidia kuwaelekeza wataalamu kwenye kitu kiitwacho Cygnus X-1, ambacho leo kinatambuliwa kuwa shimo jeusi, na mwaka 2002 Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo akapata Tuzo ya Nobel. Unaweza kununa kuhusu mgawanyo wa faida (na Kenya imelalamika miaka mingi kuhusu mkataba wake na Waitaliano juu ya jukwaa hilo la Malindi), lakini orodha ile ilichapishwa, na yeyote mwenye macho na subira angeweza kuisoma.

Huku kwetu roketi si ngeni pia. Katika miaka ya 1960, mashamba ya chai ya Kericho yalirusha roketi za baruti mawinguni ili kuzuia mvua ya mawe. Jaribio lilidumu miaka minne, na H. W. Sansom, mtaalamu wa hali ya hewa, akaliandika kitaalamu mwaka 1968. Manufaa ya roketi za aina hiyo yanabishaniwa hadi leo, lakini kusudi lake halikuhitaji msemaji. Mawe yakipiga shamba kwa robo saa, majani mawili na chipukizi hutoboka, kingo zinageuka nyeusi, na karani wa kituo cha kununulia anayakataa kabla hayajafika kwenye mizani. Kisha mkulima anangoja wiki kadhaa mche uchipue tena. Siku hizi setilaiti za umma za Marekani hupima joto la ardhi usiku, na kituo cha kikanda cha uchoraji ramani, RCMRD, pale Kasarani kimezitumia kuchora ramani za sakitu, ile baridi inayounguza chai alfajiri. Hatukuandamana kupinga hizo, na waliozituma hawakutudai makofi.

Tunajua mtatujibu kwamba Taifa-1, setilaiti yenu iliyogharimu takriban shilingi milioni 50, ilipandishwa tarehe 15 Aprili 2023 na roketi ya SpaceX, kampuni binafsi. Ni kweli, na tulifurahi. Hatujasema kampuni zisirushe kitu; tunatazama kilichobebwa. Mtasema pia kwamba Wally Funk, aliyefaulu majaribio ya afya ya wanaanga mwaka 1961 kisha akanyimwa nafasi kwa kuwa ni mwanamke, alipaa hatimaye akiwa na miaka 82 pamoja na Bezos. Hoja hiyo ni nzito, na aibu yake ni ya serikali iliyomnyima. Ile ya kwamba hata ndege zilianza kwa matajiri ni nyepesi zaidi: ndege ilimfikisha abiria mahali. Safari za Bezos za dakika kumi hivi zilimrudisha kwenye jangwa lilelile la Texas alikoondokea.

Lakini hoja ya husuda ndiyo tunayoomba muifute kabisa. Dennis Tito, mtalii wa kwanza wa anga za juu, anatajwa kulipa dola milioni 20 mwaka 2001 akaenda kukaa kwenye kituo cha angani kilichojengwa kwa kodi za mataifa, huku NASA ikipinga. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unaifanya kila nchi iwajibike kwa shughuli za kampuni zake huko juu, na ule wa 1972 unaitaka nchi iliyorusha chombo ilipe hasara kikianguka. Ni kama mkopo wa Sacco: mtalii anachukua hela, nchi nzima imetia sahihi ya udhamini. Mdhamini akiuliza fedha zinaenda kufanya nini, hatumwiti mwenye wivu. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka Mukuku, Makueni. Hakuna aliyesema ni ya watalii, na bahati nzuri haikumpata mtu, lakini ninyi wenyewe ndio mliokwenda kuichukua. Nasi wa chini, ambao hatuna tiketi, tuna uwezekano mkubwa wa kupokea mizigo.

Basi mwongozo uwe mfupi. Roketi ikirudi na taarifa ambayo mkulima, daktari au mwanafunzi anaweza kuisoma, tupige makofi tukiwa tumesimama. Ikirudi na abiria aliyeona dunia ilivyo nzuri, tumpe pole ya safari na risiti. Ikidondosha kitu, fomu ya fidia ipatikane kwa chifu, kwa Kiswahili na Kipsigis, na isiulize kama mlalamikaji alishangilia wakati wa kurushwa.

Tunaomba jibu kabla ya Oktoba. Bonasi ya majani ya chai ikishatangazwa, huku huwa hatuko katika hali ya kupigia chochote makofi.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Sosiot, Belgut.