Zipu Iliyokwenda Posa Handeni

Aibu ya Handeni haijapoa. Tulitoka Korogwe kwenda kumposea binamu yangu, na mimi, kwa kuwa nasifiwa ulimi, nikapewa kazi ya kusema. Wenzangu walivaa kanzu, vazi lisilo na zipu. Mimi nilivaa jinzi ya mtumba, nikachomekea shati jeupe, nikafunga mkanda.

Nikainuka, nikatoa salamu, nikaanza kummwagia binamu sifa: mchapakazi, mtulivu, si mtu wa kuanika mambo yake hadharani. Nikaona wazee wanatazama chini. Nikadhani ni adabu, nikaongeza sauti. Shangazi wa binti akajiziba mdomo kwa pindo la kanga, mabega yanamtikisika. Mshenga wetu akakohoa, akakohoa tena, kikohozi chenye ujumbe. Mwishowe bibi mmoja aliyeketi mkekani, macho yake yakiwa kimo kimoja na msiba wenyewe, akasema kwa upole: "Baba, funga duka kwanza, halafu tuzungumze mahari."

Nikatazama. Kichwa cha zipu kilikuwa juu kabisa, mahali pake, kimetulia kama mlinzi aliyesinzia getini. Chini yake meno yameachana, na ncha ya shati imetoka kuangalia wageni. Zipu iliyoshuka unaipandisha, mambo yakaisha. Iliyokwisha kupanda na bado iko wazi, utaipandisha wapi? Nikajikinga kwa bahasha ya posa, nikaendelea kusema. Ndipo baba wa binti akanyoosha mkono akaiomba ile bahasha.

Tangu hapo nimekuwa mwanafunzi wa zipu. Isogeze karibu na jicho: kila jino lina kinundu upande mmoja na kishimo upande wa pili. Meno ya kulia na ya kushoto yamepishana nusu hatua. Ndani ya kichwa kuna njia mbili zinazokutana zikawa moja, na kati yake kabari. Kichwa kikipanda, kuta zake huyabana meno yakaingiana kwa zamu, kinundu ndani ya kishimo. Kikishuka, kabari huyatenganisha. Jino moja peke yake halina ubavu wowote. Linashikwa na la juu yake na la chini yake, nayo yanashikwa na majirani zao, mpaka mwisho wa mstari. Vyama vingapi vya ushirika vimeshindwa jambo hilo!

Zipu haikupatikana kirahisi. Mmarekani Whitcomb Judson alipata hataza mwaka 1893 kwa kifungio cha viatu chenye ndoano, na vifungio vyake vya baadaye vikajulikana kwa kufumuka vikiwa mwilini mwa mteja. Meno ya leo ni kazi ya Gideon Sundback, mhandisi mzaliwa wa Sweden, aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1917. Na kwa kawaida meno hayana kosa. Kinachochoka ni kichwa: kila kupanda na kushuka kunakila kidogo, mdomo unapanuka kiasi cha unywele, na meno yanapita humo bila kubanwa.

Fundi mmoja wa Korogwe aliubana mdomo huo kwa plaizi. Dawa ni ya kweli, ila ina kipimo: ukizidisha, kichwa kinapasuka. Kilipasuka.

Mwingine alisema njoo kesho, na kesho yake haijafika.

Mwingine alifumua mishono, akavunja sindano kwenye mkunjo wa jinzi, akaweka zipu ya sketi, ya nailoni, rangi ya udongo. Nailoni, Korogwe! Mji uliozungukwa na mkonge, zao lililoangushwa na kamba za nyuzi bandia, na sasa nyuzi hizo zimenifuata mpaka ndani ya suruali.

Hapo kicheko kinaniishia. Pamba tunalima Simiyu na Shinyanga, nyingi inauzwa nje ikiwa ghafi, na nguo zinatujia zikiwa zimeshachoka. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki waliafikiana mitumba ikome ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika, serikali yao ikatishia kutuondolea nafuu ya ushuru ya AGOA, nasi tukarudi nyuma. Rwanda ilikaza, na mwaka 2018 nguo zake zikatolewa kwenye nafuu hiyo.

Aliyeivaa jinzi hii mwanzo alikula miaka minono ya zipu, akaitoa sadaka, akaandikiwa thawabu. Sadaka hiyohiyo mimi nimeinunua kwa fedha taslimu, muuzaji akiniapia kwamba haijavaliwa sana. Thawabu kapata yeye, fundi namlipa mimi. Na fundi ameniusia nisichuchumae.