Jinsi ya Kumzuia Marehemu Asirudi

Mwongozo huu ni wa mkazi yeyote wa Isiolo, awe wa Bula Pesa, Kambi Garba au Kulamawe, ambaye jirani yake amejiua na sasa analala taa ikiwaka kwa hofu kwamba marehemu atarudi. Hofu hiyo ni ya zamani na dawa zake zimejaribiwa kwingi. Tuanze na zile ngumu.

Dawa ya kwanza ni ya Norwei. Sheria ya Gulathing, iliyofuatwa magharibi mwa nchi hiyo enzi za kati, iliwanyima wasaliti, wauaji na waliojiua nafasi katika makaburi ya kanisa. Walizikwa ufukweni, pale maji ya bahari yanapokutana na majani mabichi. Ukitaka kuifuata kutoka Isiolo, kodi gari mpaka Lamu. Usijaribu kufupisha safari kwa Ewaso Nyiro, kwa sababu mto wetu hauioni bahari. Unaishia kwenye kinamasi cha Lorian.

Kama nauli haitoshi, mfuate Arnkel wa Iceland, ambaye habari zake zimo katika Eyrbyggja saga. Baba yake, Thorolf mlemavu wa mguu, alirudi nyumbani na hasira, akaketi kitini bila kumsemesha mtu, na asubuhi wakamkuta amekufa pale pale. Hakujiua, lakini alikufa na kinyongo, na kwa watu wale hilo lilitosha kuwatisha. Arnkel alimwendea kwa nyuma na kumkataza kila mtu asipite mbele ya macho yale kabla hayajafumbwa. Kisha akabomoa ukuta ulio nyuma ya maiti, wakamtolea hapo badala ya mlangoni.

Kabla hujashika sururu, sikiliza yaliyofuata. Thorolf alirudi. Mchunga mifugo akakutwa amekufa, mifugo ikaharibikiwa, watu wakahama bonde zima. Arnkel akamhamishia kwenye rasi na kumjengea ukuta mrefu; Arnkel alipokufa, baba akaanza upya. Mwishowe wakamchoma moto. Ng'ombe mmoja akalamba mawe yaliyoangukiwa na majivu, akazaa fahali, na fahali huyo akamuua mwenye shamba. Mkazi wa Isiolo anayejua bei ya mawe na fundi apige hesabu mwenyewe.

Waingereza walikuwa na njia ya bei nafuu. Aliyejiua alizikwa kwenye njia panda, mara nyingine akiwa amepigiliwa mti mwilini, ili asiinuke, na akiinuka asijue aelekee wapi. Kwetu haitawezekana. Isiolo yenyewe ni njia panda: hii inakwenda Meru, ile Marsabit na Moyale, nyingine Garba Tulla. Mzimu ukisimama hapo dakika moja tu, makanga watakuwa wameshaushika mkono na kuutafutia kiti. Waingereza wenyewe waliikomesha desturi hiyo mwaka 1823, ila wakaamuru maziko yafanyike kati ya saa tatu na saa sita usiku, bila ibada. Amri hiyo nayo iliondoka mwaka 1882.

Dawa zetu tunazijua. Katika jamii kadhaa za Kenya, maiti ya aliyejiua huchapwa viboko kabla ya kuingizwa kaburini. Huzikwa usiku, au nje ya boma, na jina lake hapewi mtoto. Hapa siwezi kuendelea na mzaha. Maiti hasikii kiboko. Anayekisikia ni mjane aliyesimama kando, na mtoto wa darasa la nne anayefundishwa mbele ya watu kwamba baba yake hakustahili hata mwanga wa mchana. Mtoto huyo ndiye atakayekosa usingizi, tena kwa miaka.

Serikali nayo ilikuwa na kiboko chake. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kwa mkoloni, kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu anayeweza kufungwa hadi miaka miwili. Uingereza ilifuta kosa hilo kwake mwaka 1961. Sisi tulibaki nalo hadi tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipotamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, katika kesi ambayo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa miongoni mwa walalamishi. Kwa miaka yote hiyo, mtu aliyetoka kwenye mdomo wa kaburi alikuwa akiamkia pingu. Nani angethubutu kuomba msaada mapema?

Basi njia inayofaa ni hii. Piga ripoti polisi, kwa sababu kifo cha namna hiyo lazima kichunguzwe. Subiri uchunguzi umalizike mochari, chukua kibali cha mazishi. Kisha mzike kama wengine. Kama ni Mwislamu, aoshwe, avishwe sanda, aswaliwe. Imepokewa kwamba Mtume hakumswalia mtu aliyejiua, lakini wanazuoni wengi, wakiwemo Malik, Abu Hanifa na Shafi'i, walishikilia kwamba huswaliwa. Ni kiongozi ndiye anayeweza kujiweka kando ili iwe onyo kwa walio hai. Kama ni Mkatoliki, katazo la maziko ya kanisa lililokuwa katika sheria ya mwaka 1917 halimo katika ile ya 1983. Usikubali mtu akuambie dini imefunga mlango kabla hujamuuliza sheikh au padri mwenyewe.

Siku za matanga zikiisha na viti vya kukodi vikirudishwa, nenda tena kwa ile familia, maana waliofiwa hivi nao wamo hatarini. Peleka maziwa, peleka unga, lakini kaa. Litaje jina la marehemu. Ukiona kaka yake amejitenga na watu, muulize wazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake. Pigeni pamoja 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni kwa bodaboda na nauli ni ya kuazima.