Mahari ya Dume

Hodi ya saa nne usiku haijawahi kuniletea habari njema. Hii ilikuwa ya mwenyekiti wa kitongoji, na nyuma yake mgambo wawili, mmoja na tochi, mwenzake na kirungu. Mimi nilikuwa chumba cha uani, taa inawaka, nimechuchumaa, nasema na viumbe wangu: "Kueni, wanangu, baba yenu ana shida."

"Jirani," mwenyekiti akaanza, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikiwa hadi nyumba ya tatu, "tumepata taarifa kuwa humu ndani kuna majani."

"Yapo," nikajibu. "Karibuni ndani."

Mke wangu, aliyekuwa mlangoni, alijishika kichwa. Nchi hii ukiulizwa habari za majani usiku, na mwulizaji kaja na mgambo, si mchicha anaoulizia. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 haicheki na mtu, na chumba chenye taa isiyozimwa usiku kucha, dirisha limezibwa kwa gunia, na mwanamume ndani anayebembeleza majani, hata mimi ningekishuku.

Tochi ikamulika viriba vyangu kumi. Ndani ya kila kiriba mche wa kiasi cha shubiri moja, majani yameanza kuchanua vidole.

"Vidole hivi," akasema mwenyekiti.

"Shikamoo, mwenyekiti, hiyo ni mipapai."

"Marahaba. Mipapai hulala chini ya taa?"

Hapo mgambo wa kirungu akainama, akatazama, akatikisa kichwa. "Mwenyekiti, haya siyo yenyewe. Yale majani yake membamba, yana meno kama msumeno, tena ukiyafikicha yananuka. Na yana dume na jike, dume hung'olewa mapema lisiharibu. Halafu kuna mengine yanajigeuza, jike linatoa maua ya kiume, hasara tupu."

Chumba kikanyamaza. Sote, mwenyekiti mbele, tukamgeukia mgambo. Akakohoa. "Nilisimuliwa," akasema.

Nikavunja kikonyo kimoja, utomvu mweupe ukachuruzika, na kesi ikafa papo hapo. Mwenyekiti, ili asirudi mikono mitupu, akaomba miche miwili "ya kielelezo". Nikampa. Mtu aliyekaribia kukufunga humnyimi mche.

Sasa nieleze kwa nini mipapai yangu ililala chini ya taa.

Mimi nakaanga samaki na pweza hapa Somanga, barabarani, panaposimama mabasi ya Lindi na Mtwara. Abiria ana dakika kumi. Katika dakika hizo ashuke, ajisaidie, achague, alipe, atafune. Pweza mgumu hampi nafasi. Utamwona bado anatafuna basi likiingia Nangurukuru, na safari ijayo ananunua kwa jirani. Dawa yake ni kipande cha papai bichi sufuriani. Ule utomvu una kimeng'enya, papaini, kinachovunja nyuzi za nyama. Kila siku nilikuwa nanunua papai bichi, na kila siku muuza papai alikuwa ananiona nikija, bei inapanda. Nikaapa nipande yangu.

Mbegu nilizitoa kwenye papai tamu la mviringo. Za kwanza nilizifukia zikiwa na ute wake, hazikuota hata moja. Kumbe ute ule huizuia mbegu kuota, mpaka uisugue na kuiosha. Za pili niliziosha, zikaota, kuku wakazichakura. Za tatu zikafika majani manne, mbuzi wa jirani akaja kusalimia. Za nne nikaziingiza ndani, na kwa kuwa chumba kina giza, nikawasha taa. Gesi ya Songo Songo hupanda nchi kavu hapahapa Somanga, na kushika bomba kwenda Dar es Salaam kufua umeme tangu mwaka 2004. Nikasema na mimi nifaidi kidogo, walau mwanga wa miche.

Masika ya 2023 nikapanda miche yangu minane, shimo moja mche mmoja. Bwana shamba alinishauri nipande mitatu kila shimo, nikamwona mtu wa kutapanya mali. Mipapai ikapanda kama inakimbizwa. Nikaanza kuhesabu papai, nikagawa nyingine kwa mdomo: hizi za pweza, hizi za juisi, hizi za mama mkwe.

Mwezi wa kumi na moja ikatoa maua. Mmoja ukateremsha vishada virefu vya maua madogo, vinaning'inia kama shanga. Nikafurahi, nikamwita mke wangu. Akatazama, akasema, "Baba watoto, hilo dume." Tukaenda wa pili. Dume. Wa tatu, dume. Tulipomaliza mstari, nilikuwa na madume matano, majike mawili, na mmoja ambao hata mke wangu aliuzunguka mara mbili asiupatie jina.

Bwana shamba alipokuja alicheka kwanza, kisha akafundisha. Mpapai, akasema, una jinsi tatu. Dume lina maua ya vishada, jike lina ua nene lililokaa kwenye shina, na huntha anabeba vyote viwili ndani ya ua moja, anajioa mwenyewe. Papai la jike huwa mviringo, la huntha refu. "Ulichukua mbegu kwenye papai gani?"

"La mviringo."

"Basi hiyo ni mbegu ya jike, na jike hupokea chavua ya yeyote aliyekuwa karibu. Dume likimpelekea, watoto nusu huweza kuwa madume. Huntha akimpelekea, hupati dume. Wewe inaelekea baba zao ni wengi." Akanikumbusha ile mitatu kila shimo: unangoja maua, unajua nani ni nani, ndipo unang'oa. Nikamjibu kuwa nimemwelewa. Sikumwambia nimechelewa, alikuwa anaona.

Habari za madume matano zilifika barabarani kabla yangu. Tangu siku hiyo kila mteja akawa bwana shamba. Mjomba wangu mvuvi akaleta msumari wa inchi nne: "Pigilia shinani, litazaa." Bibi wa nyumba ya pili akaleta utaalamu mzito zaidi. Alfajiri niende na panga, niutishie mti kuukata, na yeye asimame pembeni auombee msamaha. Nikaenda. Nikainua panga, nikanguruma, "Leo nakukata!" Bibi akalia, "Mwache, mwanangu, mwakani atazaa!" Basi la alfajiri lilikuwa linapita. Abiria waliona mtu na panga, bibi kizee analia. Sijui walisimulia nini huko walikokwenda, ila dereva yule hakusimama kwangu wiki nzima.

Msumari niliupigilia dume la mwisho, lililo juu ya kichuguu. Miezi miwili baadaye likatoa kipapai kimoja, kidogo kama yai la bata, kinaning'inia kwenye kikonyo kirefu mfano wa taa ya karabai. Bwana shamba akasema madume hufanya hivyo mara mojamoja hata bila msumari. Hakuna aliyemsikiliza. Mjomba alisema ni msumari, bibi akasema ni panga, na mpaka leo hawaamkiani vizuri.

Huntha naye akanitia wazimu wa aina yake. Alianza na papai mbili nzuri, ndefu. Ulipoingia mwezi wa kwanza na joto letu la kaskazi, akaacha kuzaa kabisa. Maua yanatoka, yanapukutika, ukiyapasua ndani hamna kitu, ni ya kiume matupu. Nikamkumbuka yule mgambo na yale majani yake yanayojigeuza. Bwana shamba akanituliza: jinsi ya mpapai imo ndani ya mbegu, msumari haufiki huko. Ila huntha, jua likizidi, upande wake wa kike hunyauka, hali ikipoa unarudi. Nikamwambia basi hata mimi ni hivyohivyo, mwezi wa kwanza kwenye jiko la mkaa sizai kitu.

Nikiwa katika hilo, majike yakaota pamba. Chini ya majani, shingoni mwa papai, unga mweupe unaonata. Vidung'ata. Na juu yao sisimizi, safu kwa safu, wanakwenda na kurudi. Nilidhani wamekuja kuwala, nikawashangilia. Kumbe ni wafugaji. Kidung'ata hufyonza utomvu, hutoa majimaji matamu, sisimizi anakamua na kumlinda mfugo wake asiguswe. Tumezoea kesi za ng'ombe kuingia mashambani, lakini mfugaji wa ukubwa huu utamshitaki wapi? Mpapai asili yake Amerika ya Kati, na kidung'ata chake kimetokea hukohuko, kikaufuata karne nyingi baadaye kama mkwe aliyechelewa harusi.

Vidung'ata wenzao wa muhogo walishawahi kulitikisa bara hili zima, mpaka miaka ya 1980 Mswisi mmoja, Hans Herren, na wenzake walipoleta nyigu mdogo kutoka Amerika ya Kusini awamalize. Mwaka 1995 akapewa Tuzo ya Chakula Duniani. Mimi sikuwa na nyigu. Nilikuwa na sabuni ya unga ya mke wangu, majani ya mwarobaini na pilipili kichaa za jikoni. Nikavitwanga, nikachuja, nikajaza bomba la kupulizia, nikasimama kifua mbele.

Mkosi wangu ni kwamba niliusahau upepo. Kaskazi ikavuma, dawa yote ikanirudia usoni, kilichobaki kikavuka ua hadi kwenye karai la samaki. Nilikuwa chini nikitafuta maji kwa kupapasa niliposikia abiria mmoja akimwambia mke wangu, "Dada, samaki wako leo ana pilipili nzuri, lakini mbona anatoa povu?"

Mei 2024 kikaja Kimbunga Hidaya. Mvua ile hatukuizoea. Barabara ya Dar es Salaam ikakatika sehemu kadhaa, hapa Somanga ikiwemo, na magari yakapanga foleni. Mipapai haivumilii maji kutuama, mizizi huoza upesi. Kulipokucha majike yangu mawili yamelala, huntha amelala, madume manne yamelala. Nikaokota papai zote mbichi, nikazigeuza dawa ya pweza, na wasafiri waliokwama wakala pweza laini kuliko wote niliowahi kuuza. Kilichobaki kimesimama, juu ya kichuguu, ni dume la msumari.

Nikachukua panga. Safari hii bibi hakuwepo wa kuliombea.

"Jirani! Jirani, usikate!" Mwenyekiti alikuwa anakuja mbio, kanzu mkononi. Vile vielelezo vyake viwili, nikakumbuka, alivipanda mwinuko. Vyote viwili majike. "Bwana shamba kaniambia, madume mengine yote ya majirani yameanguka. Nondo wa usiku wanachukua chavua hapa kwako kuleta kwangu. Ukikata hili, wangu wanabaki wajane."

Nikateremsha panga taratibu. Nikamtazama dume, nikamtazama mwenyekiti, nikakumbuka hodi ya saa nne usiku.

"Mwenyekiti," nikasema, "kwetu watu hawaozani bure."

Tukaafikiana papai bichi mbili kila Ijumaa. Huzileta mwenyewe, mchana, na hubisha hodi kwa adabu.